Farasi wa Iona na Mpwa Wangu

Mwaka 1886 Anton Chekhov alichapisha hadithi fupi kuhusu Iona Potapov, mzee anayebeba abiria kwa kigari cha farasi juu ya theluji ya Petersburg. Wiki hiyo amefiwa na mwanawe. Kila abiria anayepanda, Iona anajaribu kumwambia. Afisa wa jeshi anafumba macho asisikie. Vijana watatu wanamtukana na kumtaka aongeze mwendo. Dereva mwenzake anaamka usiku kunywa maji, kisha anajifunika gubigubi na kulala. Mwishowe Iona anaingia zizini na kumsimulia yote farasi wake jike, ambaye anatafuna, anasikiliza na kumpumulia mikononi.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi, na siku zote niliichukua kuwa ni hukumu juu ya binadamu: tumeshindwa kusikilizana mpaka mtu anamlilia mnyama. Mwaka jana niliirudia kwa sababu nyingine kabisa. Mpwa wangu wa miaka 11, anayeishi na dada yangu Ohio, alifiwa na baba yake, na tangu mazishi akawa anajibu kwa kichwa tu. Kiswahili, lugha aliyokuwa akiongea na baba yake, alikiacha kabisa. Mshauri wa shuleni akapendekeza apelekwe kwenye shamba lenye farasi, mara moja kwa wiki.

Mama yetu kule Tanga alipoambiwa kwenye simu, aliuliza: "Mtoto amefiwa, nyie mnampeleka kwa farasi? Huyo farasi ni shehe au daktari?"

Ni swali la haki. Sisi tumekua tukiwaona punda wakibeba mchanga na maji, na methali tuliyorithi ni punda afe, mzigo ufike. Mnyama wa namna hiyo huulizwi anasikia nini. Anabeba, basi.

Lakini farasi anasikia, na ushahidi wa zamani ninaoupenda ni wa farasi aliyeitwa Hans. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten aliwaonyesha watu farasi wake akifanya hesabu. Ukimuuliza mbili na tatu ni ngapi, anagonga ardhi kwa ukwato mara tano. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaeleza kilichokuwa kinatokea. Hans alishindwa karibu kila mara alipoulizwa na mtu asiyejua jibu, na alishindwa pia kama hamwoni muulizaji. Kumbe hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa anausoma mwili wa anayemuuliza: jinsi mtu anavyokaza shingo akisubiri, na jinsi kichwa kinavyoinuka kidogo mno idadi sahihi inapofika. Waulizaji wenyewe hawakujua kuwa wanafanya hivyo.

Watu walicheka kwamba farasi amewadanganya wasomi. Mimi naona alichoweza Hans kilikuwa kikubwa kuliko hesabu. Farasi ni mnyama anayewindwa. Usalama wake uko katika kugundua mapema nani ana wasiwasi na nani ametulia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote. Ukimsogelea ukiwa umekunja ngumi huku mdomo wako unasema uko sawa, yeye anaziamini ngumi.

Ndiyo maana katika tiba ya aina hii mara nyingi mtu hapandi farasi. Kupanda kuna historia yake: Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza miguu chini ya magoti kwa polio, alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 akiwa mgongoni mwa farasi, na wengi waliomwona wakaamini farasi anaweza kusaidia mwili. Kwa majonzi, kazi hufanyika chini, ardhini. Unampiga brashi, unamwongoza kwa kamba, unajaribu kumfanya akufuate bila kumvuta. Akikataa, mshauri anauliza: unadhani ameona nini? Mtoto asiyeweza kusema "naogopa" anaweza kusema "yeye anaogopa." Hapo mlango umefunguka kidogo.

Na tazama nani wapo pale. Kwa utaratibu wa shirika la EAGALA, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, farasi hafanyi kazi peke yake: lazima awepo mtaalamu wa afya ya akili mwenye leseni, na mwingine anayewajua farasi. Hili ndilo lililonirudisha kwa Iona.

Wiki ya saba mpwa wangu alimwomba mama yake aje asimame karibu na uzio. Dada anasema kijana alikuwa anapiga brashi shingo ya farasi huku anamsimulia, kwa Kiswahili, mechi ya Simba na Yanga aliyoangalia na baba yake kwenye simu, asubuhi ya Ohio wakati Dar ni jioni. Nani alifunga, nani alikosa, baba alivyoruka mpaka chai ikamwagika. Mshauri alikuwa kando, haelewi neno, wala hakumkatiza. Dada alielewa yote. Walipofika kwenye gari alimuuliza kijana, chai ilimwagikia wapi? Akamjibu.

Sisemi amepona. Bado analala taa ikiwaka. Tafiti nyingi za tiba hii zimefanywa kwa makundi madogo ya watu, gharama yake si ya kila mtu, na farasi si mbadala wa dawa kwa anayezihitaji. Ila mama sasa nimepata jibu la kumpa. Farasi si shehe wala daktari. Ni wa kwanza tu kusikia, na anasikia bila kuuliza wala kukuhurumia.

Farasi wa Iona naye alisikiliza vizuri, hakukosea chochote. Kilichokosekana zizini usiku ule ni mtu wa pili, mmoja tu, aliyesimama kando ya uzio akielewa lugha, na ambaye baadaye angeuliza chai ilimwagikia wapi.