Karani wa Pambano

Nimefikia umri ambao wenzangu wengi wanaitwa babu, na usiku mbili katika kila juma mimi ni karani wa vita ambavyo havijamtoa mtu hata tone la damu. Najua jambo hili huwachekesha watu. Mke wangu amekwisha kulizoea. Jirani zangu hawajaambiwa. Lakini msomaji aliyenivumilia mpaka ukurasa huu naamini atanivumilia na hapa, maana ninayotaka kuyasema yanahusu kuhesabiwa, na hakuna mtu aliyefanya kazi duniani asiyepata kuhesabiwa.

Mchezo wenyewe unaitwa World of Warcraft. Ulifunguliwa Marekani Novemba 2004, na huku Ulaya Februari 2005, na mpaka leo watu wa mataifa mbalimbali huingia humo kwa njia ya intaneti, kila mmoja na kiumbe chake anachokiendesha. Mimi naishi Leicester, Uingereza. Chama chetu kina Wanorwe, Wapolandi, Wareno, Waingereza, na Mswahili mmoja wa Tanga. Jumatano na Jumapili, saa mbili usiku, tunakusanyika watu 20 kwenda kupambana na jitu fulani ndani ya ngome fulani. Wawili ni wakingaji, ambao kazi yao hasa ni kupigwa. Wanne au watano ni waganga. Waliobaki ni washambuliaji. Jitu moja laweza kutuua mara mia kabla hatujaliweza, nami sisemi mara mia kwa kutia chumvi.

Mchezo huu una tabia moja ya kikarani. Ukiandika amri fupi kabla ya pambano, kompyuta huanza kuweka daftari la kila kinachotokea: nani amempiga nani, kwa silaha ipi, kwa kiasi gani, nani amemtibu nani, nani amekufa, na saa ya kila tukio mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Usiku mmoja hutoa mamia ya maelfu ya mistari. Hakuna binadamu awezaye kuisoma, kwa hiyo zikatungwa programu za kuisoma kwa niaba yetu. Zipo zinazokaa ndani ya mchezo na kujumlisha palepale, kama Recount, Skada na Details! Halafu tangu mwaka 2013 upo mtandao wa Warcraft Logs, ambao hupokea daftari zima, hulichora kwa michoro, kisha humlinganisha kila mchezaji na wote wa kazi kama yake waliolishinda jitu lilelile. Alama humpa kwa rangi. Ukiwa chini ya 25 katika mia u kijivu. Kisha kijani, buluu, zambarau. Ukifika 95 u chungwa. 99 ni waridi, na yule wa kwanza kabisa ni dhahabu.

Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenitia katika mambo haya alipokuwa akikaa kwetu, hamuulizii mtu jina. “Mjomba, yule ana rangi gani?” Ndilo swali lake.

Majira ya baridi ya mwaka 2021, wakati Uingereza ilipokuwa imefungwa kwa sababu ya Uviko, tulikuwa tumekwama katika ngome ya Castle Nathria, iliyofunguliwa Desemba iliyotangulia, mbele ya majenerali wawili wa mawe. Mmoja wao hupasua mioyo ya watu kadhaa kwa mpigo. Aliyepasuliwa huendelea kuumia mpaka mganga amwague; na kila anapoaguliwa mmoja, kundi zima hupata maumivu. Basi haifai kuwaagua wote kwa pamoja, wala haifai kuwaacha. Ni kazi ya zamu na ya macho.

Kati ya waganga wetu alikuwamo mama mmoja wa Kireno, mtu wa makamo, aliyekuwa akimuuguza mumewe nyumbani. Wakati mwingine katikati ya pambano tulimsikia akiomba radhi, akienda kumgeuza mgonjwa, akirudi. Alipata kutuambia, bila ya kujihurumia, kwamba saa zile za Jumatano na Jumapili ndizo pekee alizozungumza na watu wasiokuwa daktari wala mfamasia. Rangi yake ilikuwa kijivu. Majuma matatu mfululizo, kijivu. Kiongozi wetu, kijana wa Kinorwe mwenye adabu na mwenye haraka, akaniandikia faragha kwamba amempata mganga mwingine, naye anataka taarifa ya hesabu ili awe na cha kumwonyesha yule mama asije akadhani ni chuki. Nilimwomba anipe muda mpaka Jumapili.

Nikakaa na daftari usiku mbili. Kawaida yangu sianzi na jedwali la waganga wala la washambuliaji. Naanza na ukurasa wa vifo. Kila kifo kina sekunde zake za mwisho zilizoandikwa mstari kwa mstari, na ukivisoma vifo 40 au 50 kwa utulivu huanza kuona vinafanana. Watu wetu wengi walikuwa wanakufa na ule mpasuko bado umo kifuani. Hawakukosa dawa, walikosa kuaguliwa. Nikauliza daftari: nani anaagua? Zaidi ya nusu ya kazi yote aliifanya yule mama peke yake, na waganga walikuwa watano. Uaguzi ukishautumia hurudi baada ya sekunde nane. Yeye aliutumia, akangoja sekunde nane, akautumia tena, kama saa ya ukutani, huku wenzake wamesimama na wao uaguzi wao uko tayari hautumiki. Mganga wetu wa rangi ya chungwa, fahari ya chama, alikuwa ameagua mara mbili usiku kucha.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo asiyecheza hawezi kulijua. Jeraha ni moja. Akilitibu mwenzako, wewe huna la kutibu. Dawa yako huangukia mtu mzima na huandikwa kuwa ya ziada. Kwa hiyo waganga watano si vibarua watano kila mmoja na shamba lake, bali ni watu watano wanaogombea sahani moja, na anayejishughulisha na kuagua hukuta sahani imekwisha kulambwa. Isitoshe, yule mama alikuwa kasisi, na makasisi wana tunu moja wanayoweza kumpa mwenziwao ikamharakisha mikono kwa sekunde 20. Alikuwa anampa mchawi wetu mmoja kila ilipopatikana. Mchawi yule alikuwa zambarau iliyokaribia chungwa, na tulikuwa tukimpongeza kila juma.

Nasisitiza kwamba daftari halikusema uongo wowote. Yote haya yalikuwamo, yameandikwa na saa zake. Rangi ndiyo iliyosoma safu moja tu ya daftari, tena ndiyo safu ambayo kila mtu huifungua kwanza.

Marehemu mjomba wangu alikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Siku zile mkata mkonge alihesabiwa mizigo ya majani. Akitimiza kazi ya siku alitiwa alama katika kipande chake, na zikitimia alama 30 ndipo alipolipwa. Mjomba alikuwa akitusimulia habari za mzee mmoja aliyekuwa akiwafungia mizigo vijana wageni waliochomwa na miiba, na kipande chake mwenyewe kilichukua siku nyingi kujaa kuliko cha mtu yeyote. Msimamizi alimwona mvivu. Mjomba alisema yeye alimjua si mvivu kwa kuwa alikuwa na desturi ya kupita mistarini kabla ya kuandika. Lakini kipande hakikuwa na nafasi ya kuandika hilo, na mjomba hakuwa na ruhusa ya kulibuni.

Nilimkumbuka sana mjomba mwaka 2023, Blizzard, wenye mchezo huu, walipoleta aina mpya ya mpiganaji ambaye kazi yake kubwa ni kuwaongezea wengine nguvu. Mizani zote zilichanganyikiwa. Mtu alicheza vizuri kabisa na akatokea wa mwisho, kwa sababu matunda yake yote yalihesabiwa katika majina ya watu wengine. Haukupita muda mrefu ikabidi kampuni iongeze katika daftari aina mpya ya mistari, inayoonyesha kwamba sehemu hii ya pigo la fulani imetokana na fulani. Yaani walikipanua kipande. Sijui kama katika kazi za kweli nimepata kuona jambo kama hilo likifanyika upesi hivyo.

Nikampelekea kiongozi taarifa yangu. Akaisoma, akakaa kimya siku nzima, kisha akajibu kwamba hata hivyo yule mama ni mzito wa mikono, na mtu mwepesi angeweza kuagua na kutibu pia. Hakukosea. Nilitazama mapambano yasiyokuwa na uaguzi wowote, na huko nako alikuwa nyuma. Sikutaka kumfanya malaika. Nilitaka afukuzwe kwa alichokifanya au asifukuzwe. Tukaafikiana kwamba itengenezwe zamu ya kuagua kwa majina, waganga wote watano, halafu hesabu itazamwe upya.

Majenerali walianguka baada ya majuma matatu. Yule mama alipanda akawa kijani, usiku mmoja hata buluu. Mganga wa chungwa alishuka, akalalamika kwamba tunamharibia rekodi, na kabla mwezi haujaisha akahamia chama kingine. Kiongozi hakulizungumza tena suala la kumbadilisha mtu.

Ila taarifa hizi tunaziweka mahali ambapo kila mwanachama anaweza kuzifungua, na yule mama akaifungua. Akaona ukurasa mzima uliopangwa juu yake: vifo, uaguzi, tunu, dawa za ziada. Akaniuliza faragha nani aliyeuagiza. Nilimwambia kweli, na sababu yake, na namna ulivyomalizika. Akanishukuru, na shukrani yake ilikuwa ya moyo. Kisha akasema kwamba tangu siku aliyouona, hata akicheka na sisi anasikia mizani inalia nyuma yake. Alibaki mpaka kiangazi, akaaga vizuri, akaondoka.

Mpwa wangu anasema hiyo ni hisia tu, na kwamba asiyetaka kupimwa asiingie katika mapambano magumu. Yeye ni kijana, amelelewa na namba. Shuleni namba, kazini namba, na simu inamhesabia hata hatua zake za miguu. Mimi simpingi sana. Bila ya daftari yule mama angefukuzwa kwa rangi. Wala sioni kwamba mizani itaondoka: mwaka 2025 Blizzard walitangaza kuzibana programu za nyongeza wakati wa pambano, na papo hapo wakatangaza kwamba watatia mizani yao wenyewe ndani ya mchezo.

Yule mama bado tunaandikiana wakati wa sikukuu. Mumewe alifariki. Siku hizi anacheza Final Fantasy XIV, mchezo wa Kijapani wa kampuni ya Square Enix, ambao kanuni zake zinakataza programu za watu wa nje, za kupimana zikiwamo, na mtu akimsema mwenziwe hadharani kwa namba zake aweza kuadhibiwa. Lakini kila mchezaji mzoefu anajua kwamba programu hizo zipo na zinatumika kimyakimya, tena huko nako upo mtandao wa rangi zilezile, FF Logs. Makundi yao ya mapambano makubwa ni ya watu wanane. Ameniandikia kwamba amepata kundi zuri, watu wapole, wamekaa naye zaidi ya mwaka sasa, na kinachompendeza zaidi ni kuwa hakuna hata mmoja anayemhesabu. Nilimjibu barua yote, nikamuuliza habari za bustani yake na za mjukuu wake. Juu ya hilo sikuandika kitu.