Beji, na Abiria Aliyebaki Steji

London, Novemba

Mjomba,

Nimepata. Leseni imefika Jumanne ndani ya bahasha, pamoja na beji ya kuvaa shingoni yenye picha yangu. Kwa miaka 3 nina ruhusa ya kubeba abiria wa kulipa katika jiji la London. Nakuandikia wewe kwanza, kwa kuwa ndiwe uliyenishikisha usukani jioni ile steji ya Kawangware 56, matatu yako haina abiria, makanga wako amelala kiti cha nyuma.

Uliniuliza kwenye simu mtihani wa huku una nini hasa, nikakujibu mbiombio kwa sababu nilikuwa kazini. Leo nina nafasi.

Leseni ya Kenya huku hutumika miezi 12 tu tangu uhamie. Baada ya hapo ni lazima uanze upya, hata kama umeendesha Ngong Road miaka 20. Nami nikabandika herufi L. Mtihani wa nadharia ulikuwa na maswali 50, na anayepita ni aliyepata 43, kisha kuna video 14 za barabarani ambamo lazima ubonyeze mara tu unapoona hatari inajitokeza. Nilipokaa mbele ya ile kompyuta niliukumbuka ubao wetu wa mji wa mfano: vigari vya kuchezea vimechubuka rangi, mtahini anakuambia toka hapa uende pale, nawe unasukuma kigari kwa kidole huku jasho linakutiririka mgongoni. Nilipita mara ya kwanza, Mjomba, na nadhani ule ubao ulinisaidia.

Halafu nikasubiri. Hapa huwezi kuomba leseni ya kubeba abiria kabla ya kukaa na leseni ya kawaida miaka 3. Ilipotimia nikapimwa na daktari, rekodi yangu ya polisi ikachunguzwa, nikapimwa Kiingereza na usomaji wa ramani. Na kwa kuwa nilikuwa nimekaa nyumbani miezi 5 nikimuuguza Baba, nilidaiwa pia cheti cha maadili mema kutoka Kenya, kilekile unachokitafuta wewe kila unapotaka kuendelea na kazi. Vidole vyote kumi vikapakwa wino.

Hiyo ndiyo leseni ya magari yanayoitwa kwa simu. Zile teksi nyeusi unazoziona kwenye filamu zina mtihani wake, ulioanza mwaka 1865, na huo ungekufaa wewe. Anayeufanya hukariri njia 320 na mitaa kama 25,000 ndani ya kilomita kumi hivi kutoka Charing Cross, kisha hukaa mbele ya mtahini na kuisema njia kwa mdomo, kona baada ya kona, bila ramani. Wengi huwachukua miaka 3 au 4. Asubuhi za baridi mimi huwaona juu ya pikipiki ndogo, ramani imebanwa kwenye usukani, midomo inatikisika wakijikumbushia mitaa. Kila ninapowaona nakuwaza wewe, unayejua mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni ni kichochoro kipi cha Gatina kitapitika na kipi kitakuwa matope hadi magotini. Hayo hukuulizwa na mtahini yeyote, wala hakuna karatasi inayokutambua kwayo. Jambo hilo linaniuma.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni mtihani wa mwisho. Tangu Oktoba 2021 kila anayeomba leseni hii huulizwa juu ya usalama, usawa na sheria, maswali ya kuchagua na ya kujaza pengo. Nilikuwa nimejiandaa kwa alama za barabarani. Nikakuta sehemu kubwa ni juu ya abiria: kipofu aliye na mbwa wa kumwongoza, kiziwi, mtoto aliye peke yake, mtu aliyechanganyikiwa, mtu mwenye kiti cha magurudumu. Kumkataa yule mbwa ni kosa la jinai, faini yake hufika pauni 1,000. Na tangu Juni 2022 sheria imekaza zaidi: ukimwacha mtu kwa sababu ya ulemavu wake ilhali gari lako lingeweza kumbeba, au ukimwongezea nauli kwa sababu hiyo, umevunja sheria.

Nilisoma swali la kiti cha magurudumu mara mbili, kisha nikaondoa mkono kwenye kipanya. Nilimwona dada yangu, binti wa Mama Mdogo, mpwa wako.

Unakumbuka mwaka aliojifunza ushonaji huko Kawangware. Mimi ndiye niliyemsukuma kila asubuhi kutoka Makina, Kibera, tunapita soko la Toi wenye mitumba wakifungua marobota, hadi Ngong Road pale Adams. Gari linakuja, makanga anaita, anatuona, anagonga bodi mara mbili, gari linaondoka. La pili, la tatu. Likisimama moja, tunaambiwa kiti nacho kinalipa, nauli ya watu wawili, na mimi watatu. Siku moja tulihesabu magari 11. Yeye alikuwa amebeba kitambaa cha mtihani wake, amekikunja kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya manyunyu, na kila gari lilipotupita aliufungua mfuko, akakipapasa kuona kama kimelowa, akaufunga tena. Hakusema neno. Mwezi wa nne akaacha kwenda. Nyumbani tulisema ameshindwa na umbali.

Si umbali, Mjomba. Ni watu wenye beji waliompita.

Wewe uliyaona ya Februari 2004. Mimi nilikuwa mtoto, nikitembea na Mama kutoka Kibera hadi mjini kwa sababu matatu zilikuwa zimetoweka barabarani. Waziri John Michuki alikuwa ametoa kanuni zake za matatu mwaka 2003, na Februari hiyo zikaanza kutekelezwa: spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, mkanda kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, abiria 14 badala ya 18, sare na beji kwa dereva na kondakta. Watu walisema haitawezekana, ikawezekana. Mwaka huohuo wa 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyowataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yawafae watu hao. Ile ya kwanza kila makanga wa njia ya 46 anaijua, hata anayeikwepa. Hii ya pili sijawahi kuisikia ikitajwa steji.

Najua utaniambia London ina pesa. Ina pesa, ndiyo, lakini gari langu ni gari la kawaida, halina ngazi ya umeme wala mlango wa pekee. Nilichoongezewa ni swali tu, na hofu ya kunyang'anywa beji.

Wewe unakaa kwenye kamati ya sako yenu ya matatu, na madereva wapya hupita mbele yako kabla ya kukabidhiwa gari. Nakuomba, baada ya kukagua leseni na cheti cha polisi, uwaulize na hili: ukimkuta mtu wa kiti cha magurudumu pale Adams saa moja asubuhi, utafanya nini? Usikie majibu yao.

Jumamosi nilimbeba mama mmoja mwenye kiti kama cha dada. Nilimshika mkono akahamia kiti cha mbele, nikakikunja chake, nikakiweka kwenye buti, nikamfunga mkanda. Nilikuwa nimetazama saa kwa makusudi: dakika 2 na nusu. Gari lenu hukaa steji ya 46 dakika 20 likingoja mtu mmoja wa kujaza kiti cha nyuma.

Desemba nakuja. Mimi na dada tutakuwa Ngong Road, pale Adams, asubuhi ya siku utakayoniambia. Kiti nitakikunja mwenyewe. Mwambie makanga wako afungue mlango wa nyuma.

Wako,
mpwa wako wa Makina