Usidanganywe na Rangi, Tazama Miguu!

Kama unamjua chozi anayenyonya maua ya mgomba nyumbani, usidhani umeshamjua ndege mvumaji. Chozi kwa kawaida hutua ndipo anyonye. Huyu hubaki hewani palepale, mbawa zinavuma kama nyuki, na akitaka anarudi kinyumenyume. Kwao ni Amerika tu. Ekuador peke yake ina aina zaidi ya 100.

Mimi nilimfuata mpaka Yanacocha, mteremko wa mlima Pichincha, si mbali na Quito. Ni juu zaidi ya mita 3,000, bwana, hatua kumi tu unahema. Ukungu unaingia msituni, unatoka, unaingia tena.

Mzee aliyeniongoza alinionya mapema: rangi ya koo ni tapeli. Manyoya yenyewe huvunja mwanga, kwa hiyo ndege akigeuka kidogo tu, zambarau inakuwa nyeusi tii. Anza na mdomo, shuka mkiani, malizia miguuni.

Mdomo? Yuko mmoja ambaye mdomo wake unaushinda mwili kwa urefu, ukiacha mkia! Akitua anaunyanyua juu kama askari na singe. Kujisafisha anatumia kucha, maana mdomo huo haufiki mwilini. Huyo hata mtoto hamkosei.

Kazi iko miguuni. Wapo wenye vishungi vyeupe vya manyoya. Wenyeji huwaita zamarrito, kutokana na suruali za manyoya za wapanda farasi wao. Mmoja ni kijani, chini ya mkia buluu, na hapa yuko tele. Mwingine dume lake lina kifua cheusi, ndiye Quito ilimfanya nembo yake mwaka 2005. Malisho na mkaa vimekula misitu yake, wamebaki wachache mno. Sasa ukimwandika yule wa kijani kuwa ndiye huyu, daftari litasema wapo wengi, kumbe wanakwisha. Na majike ndiyo balaa: jike la huyu mweusi nalo ni kijani!

Saa tatu asubuhi akatokea mmoja. Miguu myeupe, sawa. Kifua? Ukungu mtupu. Mimi nikamtazama mzee, roho juu, eti aseme ndiye. Akashika kalamu, akangoja. Ndege akahama ua, akahama jingine, akapotea zake. Mzee akaandika saa na mahali, na kwenye jina akaweka alama ya kuuliza. Kisha akamimina chai.