Tulipompeleka bi harusi wetu Misunkumilo



Wengi mliziona picha za hina mkatuuliza bi harusi wetu kaolewa wapi. Tukisema Misunkumilo, watu hudhani wamesikia vibaya. Misunkumilo ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoa wa Katavi, magharibi kabisa ya Tanzania, upande wa Ziwa Tanganyika. Mkoa wenyewe bado mchanga, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ndoa ilifungwa hapa Unguja, na wiki moja baadaye tukampeleka kwa mumewe: somo yake, shangazi yake, sisi dada zake wawili, na kaka yetu akiwa maharimu wetu wa safari.

Habari za sherehe tumeshazisimulia sana. Leo tunaandika kosa tulilolifanya huko, kwa sababu tunaamini bi harusi mwengine akilisoma hapa ataweza kulikwepa.

Njia ya wazee wetu

Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda treni ya reli ya kati hadi Tabora, na kutoka hapo tukashika tawi la Kaliua linalokwenda Mpanda. Kaka alitukumbusha kupunguza na kukusanya sala, na somo akagawa maandazi na kachori mpaka yakaisha kabla hatujafika Dodoma.

Njiani ndipo tulipotanabahi kwamba reli ya kati, kwa sehemu kubwa, imefuata ile njia ya misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na kufika Ujiji. Wazee wa visiwani waliipita kwa miguu wakitafuta pembe za ndovu, na, tusifiche, wakitafuta watumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Sisi hupita pale tukienda Darajani kununua vitambaa, wala hatujiulizi wale watu walitokea wapi. Baadhi yao walitoka pande za Ziwa Tanganyika, huko huko tulikokuwa tunampeleka mtoto wetu na masanduku yake ya nguo.

Tawi la Mpanda lina habari nyengine. Lilifika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Babu yake bwana harusi, Mnyamwezi wa Tabora, alikwenda Mpanda kwa kazi ya reli, akajenga, akaoa binti wa Kibende kutoka Ikola, kijiji cha mwambao wa ziwa. Babu keshatangulia mbele ya haki. Bibi yupo, na ndiye aliyetupokea stesheni. Alimshika bi harusi wetu mikono yote miwili, akaitazama hina yake muda mrefu, akasema, "Umetoka mbali, mwanangu. Karibu kwenu."

Nyumba yao ni ya tofali za kuchoma, ina miembe uani na vumbi jekundu lisilokubali kufutika. Siku ya kwanza tulipikiwa ugali na migebuka ya ziwani. Sisi watu wa changu na jodari tulikwenda na kiburi chetu cha samaki, tukarudi bila ya hicho kiburi. Alfajiri ya pili tuliamka tukidhani tumewahi. Tulimkuta bibi keshaswali, yuko juu ya msala anavuta tasbihi. Kumbukeni hilo, maana mbele litatuhukumu.

Kutembezwa

Siku ya nne wenyeji wetu walikodi gari kututembeza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Lango la Sitalike liko kilomita 40 hivi kusini ya Mpanda. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974, ikaja kupanuliwa, na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Unguja nzima ingeingia ndani yake zaidi ya mara mbili. Watalii ni wachache kwa sababu ya umbali. Kuna wakati tulikwenda masafa marefu bila ya kuona gari jengine.

Mabibi harusi mnaopanga fungate ya mbugani, shikeni hili: abaya nyeusi iacheni nyumbani. Katavi kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu. Mavyaa alituonya mapema, lakini shangazi akasema yeye hajazoea kutoka bila ya buibui lake. Kufika katikati ya mbuga alikuwa anajipiga kofi mabegani na mgongoni kama mcheza ngoma, na dereva akajikaza asicheke. Sisi tulivaa madera ya rangi ya udongo na mitandio ya kahawia. Tulistirika na tukasalimika.

Ilikuwa Septemba, kiangazi kikali. Mto Katuma ulibaki madimbwi tu, na viboko wote wa eneo lile wamejazana humo, mgongo juu ya mgongo, wanakoroma na kugombana. Mamba wamejichimbia mapango kwenye kingo za mto, wamelala wakisubiri mvua. Tulisema subhanallah mpaka sauti zikakauka. Nyati tuliwaona kwa mamia, na mbali kidogo twiga wanatutazama kana kwamba sisi ndio tuliokuja kuoneshwa.

Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kizuri.

Chini ya mkwaju

Karibu na Ziwa Katavi uko mkwaju. Jina la hifadhi, na la mkoa, linahusishwa na Katabi, ambaye Wabende husimulia kuwa roho yake inakaa kwenye mkwaju huo pamoja na mkewe Wamwelu. Watu wa huko kwa miaka mingi wamekuwa wakiweka kitu kidogo chini ya mti huo kuomba baraka.

Mwongozaji alitueleza hayo kwa heshima, na bibi akateremka garini. Alikuwa kakaa kimya tangu asubuhi. Alifungua pindo la khanga, akatoa sarafu mbili. Moja akaiweka chini ya mti. Ya pili akamnyooshea bi harusi wetu.

Mtoto alitutazama. Sisi tulitazamana. Na hapo shangazi yetu, Mwenyezi Mungu amsamehe na atusamehe sote, akasema kwa sauti, "Shirki hiyo! Usiiguse!" Kisha akacheka kile kicheko cha mtu aliyeona kioja, akanyanyua simu, akampiga picha bibi akiwa bado ameinama.

Hakuna aliyemzuia. Hilo ndilo kosa letu sote. Tunasema "shangazi" lakini mmoja wetu alikuwa naye keshatoa simu yake.

Bi harusi alipiga goti mbele ya bibi, akaufunga ule mkono wenye sarafu kwa mikono yake miwili. Akasema, "Bibi, niwie radhi. Mimi haja zangu napeleka kwa Mwenyezi Mungu peke yake, sijui njia nyengine. Lakini nakuomba unisimulie habari za hapa." Bibi akasema, "Haya," akairudisha sarafu pindoni, akapanda garini. Hakusimulia. Njia nzima mpaka Misunkumilo hakusema neno.

Usiku ule

Baada ya Isha, somo alitukusanya chumbani. Somo wetu ni mtu wa maneno machache. Alituuliza: mnakumbuka siku ya hina?

Tulikumbuka. Tulipomtoa bi harusi Mji Mkongwe kwenda kwa mpambaji, watalii watatu walituzingira kichochoroni na kamera. Hawakutoa salamu wala hawakuomba ruhusa. Mmoja alimsogelea mtoto usoni kabisa. Tulikasirika, tukawafunika khanga, na shangazi huyu huyu ndiye aliyepiga kelele kwamba sisi si wanyama wa mbugani.

Kisha akauliza la pili: kwetu hamna? Tukanyamaza, kwa sababu kwetu imo. Nani katika sisi hajui pango au mbuyu uliofungwa kitambaa, na ubani umewashwa, na sarafu zimeachwa chini? Mwaka Kogwa wa Makunduchi watu hawatoki Ulaya kuja kuutazama? Tunabishana wenyewe kwa wenyewe lipi ni mila, lipi limevuka mpaka wa dini, na masheikh wetu wanasomesha. Lakini hatumcheki bibi yetu mzaa mama akiwa ameinama.

"Itikadi yenu mmeihifadhi, alhamdulillah," somo akasema. "Adabu mmeiacha wapi?"

Tulikwenda kugonga mlango wa bibi sote, na shangazi mbele. Picha aliifuta bibi akiona, na mwenzetu akafuta yake. Shangazi akamshika miguu. Bibi alikaa kimya mpaka tukaanza kuogopa, halafu akasema maneno ambayo hatutayasahau: "Nyinyi mlikwenda kumtazama kiboko. Mimi nilikwenda kumwonesha mjukuu wangu kwetu."

Akatueleza kwamba mama yake alimpitisha hapo alipokuwa anaolewa, akamwambia weka, useme umepita. Kwake ilikuwa hodi. Alipoolewa, mumewe alimfundisha sala, na hajaiacha tangu siku hiyo. Ila kupita mahali pa wazee wake bila ya hodi, moyo wake haukuwahi kukubali. Bi harusi alimsikiliza, kisha akamwambia kwa upole kwamba hodi hiyo angependa kuipiga kwa dua, awaombee wazee wote waliopita njia ile. Bibi akamtazama, akasema, "Omba basi, nisikie." Akaomba, nasi tukaitikia amin. Kama moyo wa bibi ulibadilika juu ya mkwaju, hatujui, na haikuwa kazi yetu kumhoji usiku ule.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yaliisha palepale. Siku tulipoondoka bibi hakufika stesheni, alisema magoti yanamuuma. Lakini alituma chupa tatu za asali ya miombo, moja imefungwa kwa kitambaa chekundu, akasema hiyo ni ya shangazi. Shangazi alilia mpaka Kaliua.

Kwa anayeolewa mbali

Ndugu zetu, tunaolewa mbali zaidi kuliko mama zetu. Kila pahali mtakapokwenda mtakuta watu wenye mti wao, mlima wao, wimbo wao wa harusi. Aya ya Suratul Hujurat inayotaja mataifa na makabila tunaisoma sana kwenye khutba za ndoa. Katavi ilitufunza kuwa kujuana ni kazi, na huanza kwa kunyamaza na kusikiliza.

Yafuatayo tumeyajifunza kwa aibu yetu, yachukueni bure.

Muulizeni mume kabla ya safari: kwenu kuna mahali gani pa wazee, na bi harusi anatarajiwa afanye nini? Jambo likijulikana mapema, unaweza kumuuliza sheikh wako na kujiandaa kwa jibu, usije ukababaika mbele ya watu.

Ukikataa jambo kwa ajili ya dini yako, likatae wewe mwenyewe, kwa sauti ya chini, na umpe mzee kitu chengine cha heshima papo hapo: mkono wako, sikio lako, dua yako. Usimwachie shangazi.

Usimpige picha mtu aliyeinama, anayeomba, anayelia au anayekula, mpaka umemwomba ruhusa. Kama hujui uombe vipi, weka simu mkobani.

Na wanaokusindikiza uwakalishe chini kabla hamjaondoka. Tuliandaa sinia, udi na vikuba vya asumini kwa mwezi mzima. Mazungumzo ya namna ya kuingia kwenye nyumba ya watu hatukuyapa hata saa moja.

Juzi bi harusi wetu alipiga simu. Mvua zimeanza Katavi, Mto Katuma unajaa, na bibi anamfundisha kukausha uyoga wa msituni. Amemwahidi kwamba tukija tena, atatupeleka Ikola, tuone ziwa na kaburi la mama yake. Shangazi keshanunua dera la rangi ya udongo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu walioolewa mbali, awape mapenzi na masikilizano na wakwe zao, na atujaalie sisi tunaowasindikiza tuwe wageni wema. Amin.