Gego la Msimu wa Karafuu

Karafuu haimsubiri mtu. Tumba likishaanza kuona wekundu sharti lichumwe, kwani likifunuka likawa ua, thamani yake imekwenda. Ndiyo maana katika Pemba ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 skuli zilifungwa msimu ukipamba moto, na sisi wa Mtambwe tukahamia mashambani na vyungu vyetu, mikeka yetu na wagonjwa wetu.

Wanaume na vijana walipanda. Mkarafuu mkongwe huweza kupita mita 15 na matawi yake ni mepesi kuvunjika, basi mchumaji alijifunga kamba, akayavuta matawi ya mbali kwa ngoe, na pakacha likijaa akaliteremsha. Chini walikuwepo wanawake na watoto wakiokota zilizodondoka. Kazi niliyoipenda mimi ilianza baada ya sala ya isha, nayo ni kuchambua. Tuliketi duara juu ya jamvi, koroboi katikati, kila mtu na lundo lake. Unashika shada kwa mkono mmoja, unalisukuma kwenye kiganja cha mkono wa pili, tumba zinaanguka huku, makonyo unayatupa kule. Malipo yalikuwa kwa pishi. Viganja viligeuka vyeusi, na harufu ikaingia kwenye nguo, kwenye maji ya mtungini, mpaka kwenye wali. Hata leo nikiisikia ninaziona nyuso za waliokaa pale, ambao wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Karibu kila uso wa mtu mzima ulikuwa na mapengo.

Mapengo hayo tuliyaona kuwa ni umri tu, kama mvi. Bibi yangu, mama wa mama, alikuwa hajawa mzee wa kutembelea mkongojo lakini magego yake yalikuwa ya kuhesabika. Yaliyobaki aliyatunza kwa mswaki wa mti kila alfajiri. Yaliyokwenda yote yalikwenda kwa njia moja: liliuma, akavumilia, likavimba, akavumilia, siku uvumilivu ulipokwisha akaenda kwenye koleo. Akisema kila mtoto aliyemzaa aliondoka na jino lake moja, na wanawake wenzake waliitikia, kwa sababu nao waliyapoteza vivyo hivyo.

Usiku mmoja wa msimu tulikula wali wa mchele wa bondeni, mpunga wetu wenyewe, kwa mchuzi wa papa mkavu. Akina mama walikuwa wameupeta na kuuchagua mchana kutwa. Lakini kijiwe chenye rangi ya mchele hujificha hata juani, sembuse kwa mwanga wa koroboi. Nilitafuna. Mlio ule sikuusikia kwa masikio, niliusikia ndani ya fuvu. Nikatema kiganjani, nikakuta kijiwe kizima, na pembeni yake ubavu wa gego langu la chini, upande wa kulia, mweupe kwa nje na wa manjano kwa ndani.

Halikuniuma sana usiku ule. Asubuhi nilipokunywa maji ya mtungi ndipo uchungu ulipopanda mpaka nyuma ya jicho. Kisha pakazuka jambo nililoshindwa kumweleza mtu: nikilikandamiza jino juu ya chakula lilitulia, nikiachia ndipo lilipochoma. Nikawa natafuna kwa kushoto, na mitini nafumba mdomo ili upepo usipenye.

Bibi alichukua karafuu kavu jamvini, akazitwanga na chembe ya chumvi, akalowesha pamba kwa tone la mafuta ya nazi, akaibingirisha kwenye unga ule na kunishindilia tunduni. Kwanza ilichoma. Ulimi ukafa ganzi, fizi ikafuata, na hatimaye jino lenyewe likanyamaza. Haikuwa dawa ya kubahatisha. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, nayo huzituliza neva na kuua baadhi ya vijidudu vya kinywani. Ila ufa huuacha palepale ulipo, na pamba ikirudiwa siku kwa siku fizi hubabuka. Yangu ilibabuka.

Kila aliyepita kambini alikuwa na lake. Mmoja aliniletea mzizi wa mtunguja niutafune. Mwengine, mtu wa heshima zake, akasema ndani ya gego kuna mdudu, na anamjua fundi wa kumtoa.

"Mdudu gani?" Bibi akamjibu. "Mtoto katafuna jiwe. Sote tulisikia."

Alinipeleka kwenye zahanati. Mganga wa pale alikuwa kijana mpole, akanitazama kinywani kwa kurunzi, kisha akamgeukia Bibi kwa adabu. "Bi mkubwa, mie hapa nina koleo tu. Kuziba siwezi, vifaa sina. Na ganzi imekwisha tangu mwezi uliopita. Ukitaka, nalitoa sasa hivi, wanaume wawili watamshika." Nilimwona Bibi akilitazama koleo lile ndani ya sahani ya bati. Alikuwa akilijua. Alinishika mkono akasema, "Hili limeota juzi. Halitoki." Tukaondoka. Sijui mtu mwengine wa Mtambwe wakati ule ambaye angekataa. Jino likiuma lilikuwa linang'olewa, na hapakuwa na jambo la pili la kufanywa.

Jambo la pili lilikuwa Unguja, kwa mjomba. Bibi aliuza kuku wake, nikavushwa kwa mtumbwi hadi Wete, nikapanda gari la abiria kupitia Chake mpaka Mkoani, nikakesha juu ya staha ya MV Mapinduzi shavu nimelifunga kwa kanga yake. Upepo wa bahari kwenye jino lenye ufa ni adhabu ambayo simtakii mtu. Alfajiri mjomba alinipokea bandarini Malindi na hakuniuliza habari za nyumbani mpaka tulipofika kwenye foleni ya hospitali.

Hospitali kuu ya Unguja siku hizo ikiitwa V. I. Lenin, leo ni Mnazi Mmoja. Ukumbini walipita madaktari wa Kichina, ambao jimbo la Jiangsu limekuwa likiwaleta Zanzibar tangu 1964. Daktari wa meno niliyemkuta mimi alikuwa Mzanzibari, mtu wa makamo, sauti ya chini. Mjomba alianza kumweleza, yeye akamwomba radhi na kuniuliza mwenyewe: linauma ukiuma, au ukiachia?

Nilikaribia kulia. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na ndilo jambo nililokuwa nikilitafutia maneno muda wote ule.

"Ukiachia," nikasema.

Akachukua kijiti kilichozungushiwa pamba, akanitaka niume juu ya kila pembe ya gego, moja moja, kisha niachie. Pembe ya tatu nilishtuka hadi kichwa kikagonga kiti. Akanifahamisha taratibu, kama anavyofahamishwa mtu mzima. Jiwe lilimega ubavu mmoja, hilo tuliliona. Lakini lilianzisha pia ufa mwembamba kwenye sehemu iliyobaki. Ukilikandamiza jino, pande mbili za ufa huachana kidogo. Ukiachia zinarudiana kwa ghafla, na kiini chenye neva na damu hushtuka. Mfupa ukivunjika huunga, kwa sababu una uhai ndani yake. Gamba la nje la jino halina uhai wa namna hiyo, likipasuka halijiungi milele. Kwa hiyo kazi ni kuuzuia ufa usishuke. Ukifika mzizini, alisema, hata yeye atachukua koleo.

Alinichoma sindano ya ganzi, nikajua kwa mara ya kwanza kwamba daktari anaweza kugusa jino na mtu asipige kelele. Akalisafisha tundu, akalisaga gego juu kidogo, akanitaka niume karatasi ya buluu kuona linapogusana na mwenzake, akasaga tena. Halafu akaweka kipande cha kioo mezani, akamimina unga mweupe, akafungua kichupa cheusi na kudondosha tone.

Chumba kizima kikanuka Mtambwe.

Nilidhani ni nguo zangu. Yeye akatabasamu, akaendelea kukanda kwa kijisu mpaka unga ukawa donge zito. "Oksidi ya zinki," akasema, "na mafuta ya karafuu. Bibi yako alifanya nusu ya kazi hii." Kichupa kilikuwa na maandishi ya kigeni. Akalishindilia donge lile ndani ya gego, likaganda, na maumivu niliyoyabeba tangu shambani yakaondoka wakati mimi nimekaa nimekodoa macho dirishani.

Nimelifikiria donge lile kwa miaka mingi, na kila nikilifikiria moyo unaniwaka. Mikarafuu ilienea visiwani kwetu wakati wa Sayyid Said, kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyolibeba zao hili. Miaka ile tuliyokuwa tukichambua kwa koroboi, serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee, atakayekamatwa akivusha gunia kwenda Mombasa alijua kitakachompata, na mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Indonesia ilinunua shehena kwa shehena kuchanganya na tumbaku kwenye sigara zake za kretek. Madaktari wa meno wa Ulaya na Marekani walikuwa wakikanda unga wa zinki na mafuta ya karafuu tangu karne ya 19, wakayaziba na kuyatuliza meno ya watu wao. Na sisi tulioilala na kuiamkia karafuu ndio tuliokuwa na mapengo. Bibi alikuwa na dawa mkononi maisha yake yote. Alichokosa ni unga mweupe, kioo, kijisu, na mtu aliyefunzwa kuvitumia, awe karibu, si ng'ambo ya bahari. Magego yake hayakuchukuliwa na watoto aliowazaa. Yalichukuliwa na umbali.

Donge lile lilikuwa la muda. Baada ya wiki kadhaa daktari alilitoa, akaona kiini kimetulia, akaziba kwa mchanganyiko wa fedha na zebaki, akanionya nisivunje kitu kigumu kwa upande ule. Gego hilo nililitumia kwa miaka mingi, mpaka nikawa na watoto wanaosoma. Mwishowe ufa ulishuka kama alivyosema, likapasuka hadi mzizini, likang'olewa kwa ganzi katika mji mwengine kabisa.

Niliporudi Mtambwe nilikuta msimu unaishia na majamvi yamejaa karafuu za mwisho. Bibi alinikalisha kwenye mwanga, akanifumbua mdomo kwa kidole gumba, akatazama sana. Nikamweleza yote: sindano, karatasi ya buluu, kichupa, harufu. Aliuliza unga ule mweupe ni wa nini na unauzwa wapi. Kisha akanyamaza, akaendelea kuchambua, na ilipokaribia usiku wa manane, watu wamekwenda kulala, akaniambia kwamba lake moja la juu linamuuma tangu Ramadhani na hajamwambia mtu.

Pesa za karafuu zilipolipwa, alikwenda. Mama alishangaa, maana Bibi hakuwahi kupanda meli kwa ajili yake mwenyewe. Kila alipovuka bahari ilikuwa kwa maziko au kwa harusi ya mtu. Daktari alimwambia moja halikombolewi na mawili yanazibika. Akakubali yote matatu, akarudi na picha ya mambo hayo kichwani, kila kifaa anakijua kwa umbo lake na kazi yake, akawa anawasimulia wanawake jamvini jinsi ganzi inavyoingia na jinsi daktari anavyouliza kabla hajagusa. Walimsikiliza yeye kuliko walivyonisikiliza mimi. Msimu uliofuata mjomba alipokea wageni wa meno kutoka Mtambwe mmoja baada ya mmoja, kila mmoja na kikapu chake cha mihogo na barua ya Bibi, hadi mkewe akanunua godoro jengine na kuliweka ukumbini.