Sala ya Msafiri, na Yale Tuliyojifunza Ugenini

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: wazazi wengi hutujia katika madrasa yetu hapa Pangani, mtoto akisha kuhitimu msahafu na kumaliza shule, wakatuuliza, "Maalim, kijana huyu amepata kazi Arabuni. Tumwache aende?" Jawabu letu huwa si ndiyo wala si la, bali huwasimulia safari yetu wenyewe. Na kwa kuwa waulizao wanazidi mwaka hata mwaka, tumeona kheri tuiandike khabari hiyo, wazazi waisome na vijana waisome, ijapokuwa ndani yake mna jambo ambalo mpaka leo tukilikumbuka huinamisha kichwa.

Sisi elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, basi. Tulipomaliza darasa la saba mwaka 1987 tulikaa na mwalimu wetu miaka sita mingine, tukahifadhi Qurani, tukasoma fiqhi ya Imam Shafi kuanzia Safina na kupanda, na nahau ya Kiarabu kiasi tulichojaaliwa. Siku aliyotupa ruhusa ya kusomesha, mwalimu alitwambia maneno machache: "Uliyonayo ni elimu ya vitabu. Sasa Mungu akupe na ya watu." Tuliitikia "Amin" kwa sauti kubwa, lakini maana yake hatukuifahamu.

Mwaka huo huo, 1993, jamaa yetu wa mbali alitupatia kazi katika duka la vitambaa mjini Nizwa, nchi ya Oman. Baba yetu alikuwa mkulima wa minazi. Aliuza ng'ombe wawili, nao ndio aliokuwa nao, ili nauli ipatikane. Asubuhi ya kuondoka alitushika mkono penye basi la Tanga asiuachie mpaka utingo akapiga kelele. Hatukujua kuwa ndiyo mara ya mwisho.

Tulishuka uwanja wa ndege wa Sib, nje ya Maskati, na joto likatupokea kama mtu aliyefunua jiko la tanuri. Nizwa iko bara, yapata kilomita 160 kutoka Maskati, chini ya milima mikavu isiyo na jani. Katikati ya mji pana ngome yenye mnara mnene wa mviringo, uliojengwa na Imam Sultan bin Seif katika karne ya 17. Imam huyo ndiye aliyemtoa Mreno Maskati mwaka 1650, na katika siku za mwanawe Seif ndipo Mreno akatolewa katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698. Tulipoelezwa hayo tulistaajabu; ngome ile ikawa kama jamaa tuliyekuwa hatujamwona.

Na mengine mengi yalifanana na kwetu. Kofia tuliyoivaa kutoka Pangani wao waliiita kumma, wakatuuliza tumeinunua soko gani la Oman. Kanzu yao ilikuwa kanzu, ila shingoni ina kishada kidogo wanachokitia manukato. Riali yao hugawika beza 1000, na neno hilo likatukumbusha pesa. Mabibi wazee walikuja dukani kuchagua kitambaa, na tukisema neno moja la Kiarabu chetu wao hujibu kwa Kiswahili safi: "Wa wapi, mwanangu?" Wengine walizaliwa Unguja, wengine Tabora, wakarudi Oman baada ya 1964 au baada ya 1970.

Lakini mfanano huo ndio uliotudanganya, kwani tulidhani kwa kuwa kofia ni moja basi na kila kitu ni kimoja. Kiarabu chetu kilikuwa cha kitabuni. Tulipokwenda sokoni na kuitamka kila irabu ya mwisho wa neno kama tunaosoma khutba, watoto wa muuza samaki waliacha kazi wakatusikiliza, kisha wakacheka mpaka wakakaa chini. Tulipoalikwa kahawa mara ya kwanza tulikula tende, tukapewa kikombe, tukanywa, tukaongezwa, tukanywa, tukaona ni adabu kutokataa. Kufika kikombe cha saba moyo unatupiga kama ngoma. Ndipo mzee mmoja aliyekaa kando akatuinamia akasema kwa Kiswahili: "Mwanangu, kitikise kikombe. Usipokitikisa watakumiminia mpaka alfajiri."

Mzee huyo alikuwa mtunza ghala wa duka letu. Asili yake ni Sur, mji wa pwani, na Nizwa alikuwa amekaa miaka ishirini. Yeye ndiye tuliyemkosea.

Wasomaji wetu wajua kwamba watu wa Nizwa wengi wao ni wa madhehebu ya Ibadhi. Husali mikono wameiachia, hawaitikii "Amin" baada ya Alhamdu, wala hawana kunuti katika sala ya Alfajiri. Sisi tuliolelewa katika kunuti tulihisi kila asubuhi kama mtu aliyetoka nyumbani bila ya kanzu. Tukawa imamu akishatoa salamu twasujudu sijida ya kusahau peke yetu. Watu walituona, na hapana aliyetusema. Mzee yule yeye alizidi. Tulipokuwa ghalani pamoja na wachukuzi kutoka miji mingine, aliwasalisha Adhuhuri rakaa mbili, na Alasiri rakaa mbili, kila siku, kama msafiri aliyefika jana.

Katika wiki yetu ya pili hatukuweza kuvumilia. Alipotoa salamu tulisimama mbele ya watu wote, kijana wa miaka 21, tukasema kwa sauti ya mimbari: "Mzee, umekaa hapa miaka ishirini, bado wapunguza sala? Sala yako batili, na ya hawa uliowasalisha ni juu ya shingo yako!"

Ghala lilinyamaza. Mzee alitutazama, akakunja mkeka wake, akasema: "Mwanangu, watani wangu ni Sur. Hapa sijapafanya watani." Kisha akamimina kahawa, na kikombe cha kwanza akatupa sisi. Tulikipokea kwa mkono wa mtu aliyeshinda.

Sasa tuieleze mas-ala yenyewe, maana vijana wengi huondoka bila ya kuijua. Kwetu sisi Mashafi, msafiri hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili akenda mwendo wa marhala mbili, unaokadiriwa kuwa kilomita 80 na kitu. Na akinuia kukaa mahali siku nne, pasi na siku ya kuingia na ya kutoka, basi amekuwa mkaazi, atasali kamili. Ama kwa Maibadhi, mwendo wa kupunguza ni farsakhi mbili, kama kilomita 12, wala hakuna hesabu ya siku: mtu hupunguza muda wote awapo katika mji asioufanya watani wake, japo akae miaka, ila akisali nyuma ya imamu mkaazi humfuata kwa ukamilifu. Hizo ni njia mbili za wanavyuoni, kila mmoja na hoja zake, na hitilafu hiyo ni ya zamani. Sisi tulikuwa tumesoma moja tukadhani ndiyo zote.

Twalisema hili kwa uzito kwa sababu lilitufunga mlango. Tangu siku ile wachukuzi walitujibu salamu tu, wala hawakutuita tena kwenye sinia lao. Tukawa twala peke yetu chumbani, twahesabu siku, twaandika barua nyumbani kwamba watu wa hapa ni wakavu kama milima yao. Kwa sheria yetu tulikuwa wakaazi na kwa moyo wetu hatujafika bado. Na yule mzee, ambaye kila sala alikiri kwamba si mwenyeji, alikuwa akimjua kila jirani, mgonjwa wa kila nyumba, na zamu ya maji ya kila shamba.

Zamu hizo za maji zastahiki kutajwa. Nizwa haina mto kama wetu wa Pangani. Huishi kwa falaji, yaani mfereji unaochimbwa kutoka chini ya mlima ukaleta maji mjini kwa mteremko, bila ya mashine. Falaji yao ya Daris ni miongoni mwa tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Mwanzoni mwa mfereji watu huteka maji ya kunywa, chini yake misikiti na pa kuogea, kisha mashamba ya mitende, kila shamba na fungu lake la wakati. Fungu moja huitwa athari, karibu nusu saa, nalo tangu zamani lilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Mtu akizidisha fungu lake amemnyima jirani. Kwa hiyo watu wale wamezoea kusema kidogo na kutazama sana, nasi tuliuita ukavu.

Mwezi wa Rajabu, nao ulikuwa Desemba 1994, simu ililia dukani kutoka Tanga. Baba yetu amefariki, na amekwisha zikwa.

Tulikwenda kwa tajiri wetu kumwomba pasipoti, maana aliichukua siku tuliyofika akaiweka kasikini. Akasema mkataba ni wa miaka miwili, na miaka miwili haijatimia. Na kwamba maiti amekwisha zikwa, twenda kufanya nini? Mkataba wenyewe tuliutia sahihi bila ya kuusoma, tukiona haya kuuliza. Tukarudi chumbani, tukakaa gizani.

Baada ya Isha mlango uligongwa. Alikuwa mzee wa Sur. Hakusema mengi, alitushika mkono, vile vile alivyotushika baba penye basi, akatupeleka kwenye sabla ya mtaa, ambayo ni baraza kubwa ya watu kukutania. Taa zinawaka, mikeka imetandikwa, na wachukuzi wote wa ghalani wamo, na majirani tusiowajua majina. Walisimama safu, wakatupa mkono mmoja mmoja wakituombea Mungu atuzidishie ujira na amrehemu maiti wetu. Siku tatu sabla ile ilikuwa wazi. Kahawa ilipikwa, Qurani ikasomwa, na watu ambao tulisema sala yao ni batili walimwombea baba yetu kwa jina lake.

Usiku wa tatu, watu walipopungua, tulimuuliza mzee kwa nini. Akatwambia kwamba katika ujana wake alikuwa baharia wa majahazi ya Sur. Walikuja kwetu kwa kaskazi na tende na papa mkavu, wakangoja kusi, wakarudi na boriti. Mwaka mmoja, wakiwa Lamu, mwenzao alishikwa na homa akafa. Hawakuwa na sanda, wala hawakuwa na ndugu. "Watu wa Lamu walimwosha," akasema, "wakamkafini, wakamzika, wakatukalia matanga kama mtoto wao. Nao walituona twasali mikono tumeiachia, na rakaa mbili. Hapana aliyetuuliza. Mimi deni lile nilikuwa nimelibeba miaka arubaini, sijui nitamlipa nani. Mungu kakuleta wewe."

Hapo tulimbusu mkono tukamwomba radhi kwa neno la ghalani. Akasema, "Nilikusamehe pale pale. Ulikuwa na njaa ya nyumbani, ukadhani ni elimu."

Tulikaa Nizwa hadi mwaka 1997. Tulilejea kwenye sinia la wachukuzi, tukajifunza kutikisa kikombe, na Ijumaa asubuhi tukafuatana na mzee kwenye soko la mifugo, ambako mbuzi huzungushwa duarani huku wanunuzi wakipandishiana bei. Kunuti yetu hatukuiacha, na rakaa mbili zake hakuziacha. Alisalisha safari zake, nasi alipotoa salamu tuliinuka tukatimiza zetu mbili zilizobaki, yeye amekaa anatungoja. Hilo lilitutosha sote wawili.

Basi enyi wazazi, mkitaka kumwachia kijana aende, fanyeni haya. Mkataba na usomwe nyumbani kabla ya sahihi, mbele ya mtu anayeujua, na nakala ya pasipoti na ya mkataba ibaki kwenu. Mfundisheni kwamba Waislamu wana madhehebu, na kwamba asiyesali kama babake si lazima awe amepotea. Na enyi vijana, Qurani yatuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama, na mwenye kutazama hutangulia kunyamaza. Jifunzeni jina la jirani kabla ya kosa lake.

Mzee wa Sur amekwisha tangulia mbele ya haki. Kila mwaka tunapofika mlango wa sala ya msafiri, hapa madrasani, huwasomesha watoto kauli ya Imam Shafi kama tulivyoipokea, kisha tukawatajia na kauli ya wenzetu. Daima hutokea mtoto mmoja aliye hodari akainua mkono akauliza, "Maalim, sasa ya kweli ni ipi?" Nasi humwambia afunge kitabu, akae vizuri, tumpe khabari ya ghala moja mjini Nizwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliozikwa tusiwepo, na awalinde watoto wetu walio ugenini. Amin.