Siku ya Kuvuta Pumzi

Neno "kupumzika" lina pumzi ndani yake. Tunalitumia kila siku bila kulitazama, lakini litazame leo, ndugu msomaji: anayepumzika ni mtu anayerudishiwa pumzi. Wala si Kiswahili peke yake. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Musa anaagiza kwamba siku ya saba kazi isimame, ili ng'ombe na punda wapumzike, na mwana wa mjakazi pamoja na mgeni waburudike. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo kwa mwana wa mjakazi ni ndugu wa neno lao "nefesh", yaani nafsi, uhai, pumzi. Ukifungua sura ya 31 ya kitabu hicho hicho utakuta kitenzi kile kile kimetumika kwa Mungu mwenyewe, alipokwisha kumaliza siku sita za kuumba. Mtoto wa mtumwa na Muumba wa mbingu na nchi wamewekewa neno moja. Jambo hili nitalirudia baadaye.

Nawaandikia Wakristo wenye shughuli nyingi. Wavivu wana Mithali, na inawatosha.

Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro tunaijua Jumapili yetu. Ibada ya kwanza saa moja asubuhi, ibada ya pili saa nne. Kati ya hizo mbili kuna shule ya Jumapili. Baada ya matangazo, ambayo nayo ni kama ibada ya tatu, watu hutoka nje kwa ajili ya mnada: mkungu wa ndizi, jogoo, chupa ya maziwa, trei ya mayai ambayo mtu hununua kisha akairudisha inunuliwe tena ili sadaka iongezeke. Ni furaha kubwa, wala sisemi mnada ukome. Lakini mnada ukiisha kuna kikao cha wazee, na kikao kikiisha kuna mazoezi ya kwaya, na jioni kuna kamati ya harusi ya kijana wa jirani. Siku za katikati ya wiki zina jumuiya, umoja wa wanawake, na kutembelea wagonjwa. Zamani ukifika nyumbani ulikuwa umefika. Siku hizi kikao kinakufuata ndani ya simu, na saa nne usiku bado mtu anauliza kwenye kundi nani ataleta masufuria.

Mume wangu alikuwa na vyeo vitano kanisani. Alikuwa mzee wa kanisa, mhazini, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwimbaji wa besi, na mlezi wa vijana. Hakuna hata kimoja alichokiomba. Mtu mwaminifu huku kwetu hulipwa kwa kuongezewa kazi. Jumapili moja ya mwezi wa nane mwaka 2016, baada ya ibada zote mbili na mnada na kikao kirefu cha bati za kupaulia kanisa, alirudi nyumbani akataka kuniambia jambo, na ulimi ukawa mzito. Kikombe kikamtoka katika mkono wa kulia. Kilikuwa kiharusi chepesi, Mungu ashukuriwe, na shinikizo la damu lilikuwa juu sana.

Ulimi uliporudi, daktari alimweleza kwamba pamoja na dawa na kupunguza chumvi ni lazima apumzike. Mume wangu akamjibu kwa heshima zote kwamba atapumzika kanisa likishapauliwa. Daktari alikuwa kijana, lakini hakumwogopa. Alimwambia, "Kanisa litapauliwa, mzee wangu. Swali ni kama siku hiyo utakuwa umeketi kwenye benchi au umelazwa mbele ya madhabahu." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiwa na kanga ya hospitali na chupa ya chai, na maneno yale yaliniingia kuliko mahubiri mengi.

Katika wiki zile za kumwuguza niliisoma upya sura ya kwanza ya Marko, polepole, kama mtu asiyeijua. Jioni, jua lilipokwisha kuchwa, mji mzima wa Kapernaumu ulikusanyika mlangoni wakiwa na wagonjwa wao, na Bwana akaponya wengi. Kabla ya mapambazuko akaondoka, akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Simoni na wenzake wakamtafuta, na walipomwona wakamwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Kwa lugha yetu: Mwenyekiti, kikao kimejaa, tunakusubiri wewe. Naye hakurudi. Alisema waende katika vijiji vingine.

Hapo ndipo nilipokaa siku nyingi. Bila shaka asubuhi ile kulikuwa na mtu mlangoni pale aliyekuja na mtoto mwenye homa, akakuta Bwana ameondoka. Mwokozi wa ulimwengu aliacha kazi ambayo haijaisha. Sisi hutaka kumaliza kwanza ndipo tupumzike, na ajabu ni kwamba yeye, ambaye angeweza kumaliza kwa neno moja, hakufanya hivyo. Siwezi kukueleza sababu zote. Ninachoona ni kwamba kuhitajiwa na watu hakukuwa ndiko kulikomwongoza.

Basi mume wangu alijiuzulu vyeo vitatu kati ya vitano, akabaki na uzee wa kanisa na besi. (Besi alikataa kabisa kuiacha, na daktari akasema kuimba hakuna neno.) Tukapatana kwamba Jumapili, tukitoka kanisani, nyumba yetu inanyamaza mpaka jua lizame. Chakula kipikwe Jumamosi. Simu zote mbili ziwekwe kabatini. Msiba unavunja utaratibu huu, maana kwetu mfiwa haambiwi asubiri, na Bwana mwenyewe aliwauliza Mafarisayo habari za ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato. Kikao hakivunji.

Maneno hayakukosa. Tulisikia kwamba mzee amepoa. Wewe uliyekulia kanisani unajua uzito wa neno hilo. Ni afadhali kuambiwa umefilisika. Yeye liliuma moyo wake. Mimi nilimkumbusha Farao, ambaye Waisraeli walipoomba ruhusa ya kwenda kumwabudu Mungu wao aliwaita wavivu, akawanyima majani makavu na bado akadai hesabu ile ile ya matofali. Simfananishi mtu yeyote wa usharika wetu na Farao. Nasema tu kwamba neno "mvivu" ni la zamani sana, na si kila aliyeitwa hivyo alikuwa mvivu.

Jambo ambalo sikulitegemea ni jinsi ukimya ulivyokuwa mgumu. Mume wangu aliinuka kila baada ya dakika chache, mara aangalie mbuzi, mara aangalie lango. Mimi niliketi barazani nikasikia mfereji unaopita chini ya migomba yetu, ambao umekuwa ukipita hapo tangu nilipoolewa, na sikumbuki kama niliwahi kuusikiliza. Kisha Jumapili ya tatu au ya nne nikaanza kumlilia mama yangu. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Wakati wa msiba wake, mimi kama binti mkubwa nilisimamia jiko, masufuria kumi na mawili, mchele, nyama, maji ya kuoshea vyombo, wageni waliotoka Arusha na Dar es Salaam walale wapi. Tulimzika vizuri sana, watu walisifu. Siku ya tatu nilirudi shuleni kufundisha. Machozi yalikuwa yamengoja miaka mitatu nipate nafasi ya kukaa chini. Nililia mpaka kanga ikalowa, na mume wangu, ambaye siku hiyo hakuinuka kwenda kuangalia mbuzi, alinishika mkono tu.

Nadhani wengi wetu tunaogopa utulivu kwa sababu hiyo. Tunajua kuna kitu kinatungoja humo.

Sasa narudi kwa mwana wa mjakazi. Amri ya sabato imeandikwa mara mbili, katika Kutoka 20 na katika Kumbukumbu la Torati 5, na sababu zinazotolewa si moja. Katika Kutoka, sababu ni kwamba Mungu alistarehe siku ya saba. Katika Kumbukumbu, sababu ni kwamba ninyi mlikuwa watumwa Misri, basi mtumwa wako na mjakazi wako wastarehe kama wewe. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya siku ya Bwana yameshika ile ya kwanza. Ile ya pili inaingia jikoni.

Binti aliyekuja kutusaidia kazi mwaka 2017 alikuwa ametoka katika nyumba nyingine ya Kikristo, waimbaji na waombaji, ambako kwa miaka miwili hakuwa na siku yake. Jumapili ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, maana wageni walikuja baada ya ibada. Hata sheria ya nchi haiko hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate angalau saa 24 za mapumziko kila wiki. Tulimweleza utaratibu wetu siku ya kwanza. Jumapili ilipofika, tulitoka kanisani tukamkuta anafagia uwanja. Nikamwambia, "Mwanangu, leo hakuna kazi." Akasema, "Ndiyo, mama," akaweka ufagio, akachukua ndoo. Mume wangu akamtandikia mkeka chini ya mparachichi, jambo ambalo mzee wa umri wake hamfanyii msichana mdogo, na binti akaketi pembeni kabisa ya mkeka kama aliyeitwa ofisini. Nilipotazama tena alikuwa amelala. Alilala mpaka saa kumi na mbili jioni. Nilimfunika kitenge, nikabaki namtazama anavyopumua.

Nyumba ngapi za Kikristo zina utulivu wa namna ile ya waimbaji na waombaji, utulivu wa sebuleni unaotegemea mtu aliyesimama jikoni? Sitaki kuhesabu.

Wala usifikiri kwamba kwetu mambo yamenyooka. Katika Marko 6 Bwana aliwachukua wanafunzi wake kwa mashua waende wakapumzike, maana hawakuwa na nafasi hata ya kula, na walipofika walikuta umati umewatangulia kwa miguu. Akawahurumia, akafundisha, akalisha elfu tano. Mapumziko yaliharibika. Lakini soma mbele kidogo: jioni ile ile aliwaaga watu, akawatanguliza wanafunzi mashuani, akapanda mlimani peke yake. Deni la mapumziko alilipa usiku huo huo, hakulipeleka mwaka ujao. Nasi ndivyo tunavyojaribu. Jumapili ikiliwa na msiba, Jumatatu au Jumanne alasiri simu zinaingia kabatini. Wakati mwingine Jumanne nayo huliwa.

Kanisa lilipauliwa mwaka 2018. Mume wangu aliketi kwenye benchi, safu ya wanaume, kiti cha tatu kutoka dirishani, akaimba besi. Bati zilipigwa na watu wengine na hazivuji. Mwezi uliopita walikuja wajumbe wawili, vijana wazuri, kumwomba awe mwenyekiti wa kamati ya ukumbi mpya, kwa sababu ya uzoefu wake. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza kamati inakutana lini. Wakasema Jumapili, saa tisa. Akawaomba wamletee jibu kama inaweza kuwa Jumamosi. Bado hawajarudi.